Kitabu Pepe na Herufi Zake

Zamani kitabu kilipotoka matbaani kilitoka na herufi zake. Wino ulikwisha kukauka juu ya karatasi, na kama kilisafirishwa kwa jahazi hadi Lamu au kwa gari moshi hadi Kigoma, msomaji wa huko aliliona umbo lile lile ambalo mpiga chapa alilichagua, wala haikumpasa kuwa na chochote nyumbani kwake ila macho na taa. Kitabu pepe hakiko hivyo. Matini yake ni nambari tupu, kila herufi na nambari yake, kwa mujibu wa mpango wa kimataifa uitwao Unicode ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, na kazi ya kuigeuza nambari kuwa umbo linaloonekana huachiwa simu au kompyuta ya msomaji, ambayo hutazama katika hazina yake ya fonti na kuchukua ile iliyo nayo. Ikiwa inayo ifaayo, msomaji husoma kwa raha. Ikiwa haina, humchorea kisanduku kitupu, au humchanganyia sura mbili za herufi katika neno moja, naye hudhani kwamba kitabu kimeharibika au simu yake imechakaa, ilhali kosa limefanyika mbali, mezani pa mtu ambaye hatamjua kamwe.

Ili kuepusha balaa hiyo, watengenezaji wa vitabu pepe wamezoea kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuipachika fonti, yaani kuitia faili yake ndani ya kitabu chenyewe ili ifuatane nacho popote kiendako. La pili ni kuipogoa fonti hiyo kabla ya kuipachika, maana yake kuondoa maumbo yote ambayo kitabu hakiyatumii na kubakiza yale tu yanayohitajika, kama mkulima anavyopogoa matawi yasiyozaa. Faida ya kupogoa ni dhahiri kwa mwenye kujua hesabu zake. Fonti iitwayo DejaVu Sans, kwa mfano, ina maumbo zaidi ya 5,000, ya Kigiriki, ya Kirusi, ya Kiarabu na ya alama za hisabati, na faili yake hukaribia kilobaiti 750. Kiswahili sanifu, kwa hati ya Kilatini, kinatumia herufi 24 tu, kwani q na x hazimo na c haisimami bila h, na hata ukihesabu kubwa na ndogo, ukaongeza tarakimu na alama za vituo, maumbo 100 huyafikii. Na kwa kuwa kitabu aghalabu huhitaji faili nne za fonti moja, ya wima, ya mlazo, nzito, na nzito ya mlazo, uzito huo huzidishwa mara nne, ukayapita maneno ya riwaya yenyewe. Kwa msomaji anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo. Si dogo hata kwa mchapishaji, maana Amazon, katika mpango wake wa kumlipa mwandishi asilimia 70, humkata senti 15 za dola kwa kila megabaiti ya kitabu kinachouzwa katika soko lake la Marekani.

Walakini ila nyingi tuzionazo katika vitabu pepe huzaliwa katika mambo hayo hayo mawili, na sababu iliyo kubwa kuliko zote si ugumu wa kazi, bali ni kwamba anayeifanya hudanganywa na mashine yake mwenyewe. Mpangaji wa kitabu ameiweka fonti aipendayo katika kompyuta yake na ameitumia mwaka hata mwaka. Siku akikifungua kitabu kilichokamilika ili akikague, kompyuta, ikiwa amesahau kuipachika fonti, huichukua kimya kimya ile iliyomo katika hazina yake, na ikiwa amepogoa kupita kiasi, humtafutia umbo lililokosekana katika mamia ya fonti nyingine zilizojaa humo, hata akaonyeshwa ukurasa usio na doa. Kitabu huidhinishwa na kupelekwa sokoni, na malalamiko ya kwanza hutoka kwa mtu wa Tabora au Muscat ambaye simu yake haikupata kuiona fonti hiyo. Basi sharti la kwanza la anayetaka kuusaka ugonjwa huu ni kukikagua kitabu mahali ambapo fonti haipo: ama aiondoe katika kompyuta yake, ama, lililo bora, akifungue katika simu ya bei nafuu ambayo haijaguswa na kazi yake hata mara moja. Wahariri wengi huliona jambo hili kuwa usumbufu, nami nasema asiyelifanya hajakagua kitabu, amekagua kompyuta yake.

Hitilafu ikishaonekana, dalili zake zinatosha kueleza zilikotoka, ila zataka kusomwa kwa hadhari. Kisanduku kitupu kina maana moja, kwamba umbo hilo halimo katika fonti ya kitabu wala katika fonti yoyote ya kifaa. Herufi moja yenye sura ngeni katikati ya neno, nyembamba kuliko jirani zake au iliyopanda juu kidogo ya mstari, maana yake imekosekana katika fonti iliyopachikwa na kifaa kimeazima kwingine. Kitabu kizima kikitokea kwa sura ya kawaida ya simu, faili ya fonti haikusomwa kabisa. Na maandishi ya Kiarabu yakisimama herufi moja moja ilhali yalipasa kushikana, ujue kwamba kilichopotea ni maarifa ya kuziunga.

Dalili ya pili, ya herufi ngeni ndani ya neno, ndiyo iliyo na visa vingi, kwa sababu kupogoa ni kazi ya kuhesabu, na hesabu ikifanywa mapema mno au kwa jicho lisilotazama kila mahali hutoka pungufu. Fonti hupogolewa mhariri akiwa bado hajamaliza. Wiki ya mwisho ikaongezwa tanbihi yenye jina la Kireno au Kifaransa, lenye alama juu ya irabu, na alama hiyo haikuwamo katika hesabu. Au vichwa vya sura vimeandikwa kwa herufi ndogo katika matini, ila faili ya mitindo imeagiza vionyeshwe kwa herufi kubwa. Programu ya kupogoa isiyolisoma agizo hilo huhesabu herufi ndogo tu, huzitupa zile kubwa ambazo hazikutajwa kwingineko kitabuni, na msomaji akutana na kichwa ambacho nusu ya herufi zake ni za fonti moja na nusu ni za nyingine. Kadhalika nukta za orodha, alama za kunukuu zinazotiwa na faili ya mitindo, na nambari zinazojihesabu zenyewe, hazimo katika matini hata kidogo, kwa hiyo anayehesabu matini peke yake hazioni. Kuna na maumbo yasiyo na nambari ya peke yake, kama yale ya herufi kubwa zilizofanywa fupi kulingana na ndogo, ambayo wapangaji huyapenda kwa majina ya watu. Programu ya pyftsubset, inayotumiwa sana kwa kazi hii, huyaondoa maumbo hayo kwa desturi mpaka iambiwe waziwazi iyabakize.

Lugha yetu, ambayo mtu angeidhania kuwa salama kwa kukosa kwake nukta na kofia juu ya herufi, ina mtego wake katika ng'. Alama ile ya kuibua sauti ya ng'ombe na ng'ambo huandikwa kwa njia tatu au nne ambazo jicho haliwezi kuzitenga upesi: yupo anayepiga alama iliyonyooka ya kibodi, ambayo nambari yake katika Unicode ni 0027, kuna programu ya kuandikia inayoigeuza kuwa iliyopinda, 2019, na ikikosea huipindua kuwa 2018, na kuna mtaalamu wa isimu anayeichagua 02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi na si alama ya kituo. Chukua diwani ya hadithi fupi za waandishi wanane, kila mmoja na kompyuta yake, ukaipogoa fonti kwa kuzitazama hadithi mbili za mwanzo. Hadithi ya tano itakapofika kwenye zizi, ng'ombe wake atakuwa na alama iliyoazimwa kwenye fonti nyingine, au kisanduku kati ya g na o. Hata pale ambapo zote zinaonekana vizuri, msomaji akilitafuta neno hilo ndani ya kitabu huenda akaambiwa halimo. Dawa yake ni kuchagua alama moja na kuisawazisha katika mswada wote kabla fonti haijaguswa, na kwa vitabu vya kawaida naona 2019 yatosha, maana haikosekani katika fonti yoyote ya kitabu iliyo timamu.

Vitabu vya dini na historia ya pwani vina mtego wa jamii hiyo hiyo. Mwandishi anayetaka kuzitenga ha mbili za Kiarabu huandika h yenye nukta chini yake, na herufi hiyo yaweza kuandikwa kwa namna mbili: kwa nambari moja inayobeba h pamoja na nukta yake, 1E25, au kwa nambari mbili, h ya kawaida ikifuatwa na nukta inayoelea, 0323. Machoni ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili, na fonti iliyopogolewa kwa namna ya kwanza yaweza kukosa la kufanya na namna ya pili. Ndipo jina la Mtume likatokea sawa katika dibaji na likatokea katika sura ya saba na nukta iliyoponyoka na kukaa chini ya herufi ya jirani. Programu nyingi za kuhariri zinaweza kuyageuza maandishi yote yafuate namna moja kwa amri moja tu, na kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa.

Tuje sasa kwenye hati ya Kiarabu, ambayo tenzi zetu za kale ziliandikwa kwayo kwa karne kadhaa, na ambayo wachapishaji wachache wanaanza kuirejesha kwa kupanga ubeti wa hati hiyo ukielekeana na ule wa Kilatini. Hapa kupogoa kwa pupa huleta fedheha isiyofichika. Herufi nyingi za Kiarabu zina maumbo manne, la kusimama peke yake, la mwanzo, la kati na la mwisho, walakini Unicode huipa herufi nambari moja tu. Nambari 0628 ni ba, basi, pasipo kusema ni ba ya wapi. Anayechagua umbo ni jedwali lililomo ndani ya fonti, liitwalo GSUB. Litazame neno kitabu lenyewe katika hati hiyo: kafu yake ni ya mwanzo, ta yake ni ya kati, alifu yake ni ya mwisho kwa kuwa imeungwa na ta, na ba yake inasimama peke yake, kwa sababu alifu haishikani na inayoifuata. Programu inayojua nambari tu itaona kafu, ta, alifu na ba, itabakiza maumbo manne ya kusimama pweke, italitupa jedwali kwa kuliona mzigo, na msomaji atapewa herufi nne zilizoachana. Lamu na alifu, ambazo sharti ziandikwe pamoja kwa umbo moja, zitasimama kila moja kivyake, jambo ambalo mtoto wa chuo angekatazwa siku ya kwanza.

Na Kiswahili kinadai zaidi ya Kiarabu. Sauti za p, ch, v na g hazimo katika alfabeti ya Waarabu, wala alama tatu za irabu zao hazitoshi kwa irabu zetu tano. Waandishi wa zamani walilivumilia hilo na kumwachia msomaji akisie, wa baadaye wakaongeza nukta na alama, na marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefundisha London, alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuziweka katika utaratibu mmoja. Kila nyongeza ya namna hiyo ni umbo ambalo fonti ya Kiarabu ya kawaida yaweza kukosa, na kila alama ya irabu huhitaji jedwali la pili, GPOS, linaloipima ikae wapi juu au chini ya herufi yake. Jedwali hilo likitupwa, irabu hurundikana mahali pamoja au huning'inia hewani. Ndiyo maana mwenye kupanga utenzi kwa hati hii aanze kwa kuchagua fonti pana, kama Scheherazade New ya shirika la SIL, au aitazame Amiri, iliyofufua mwandiko wa nasikhi wa matbaa ya Bulaq ya Misri, ahakikishe kwamba herufi zake zote za ziada zimo, kisha, kwa rai yangu, asiipogoe hata kidogo. Kilobaiti mia kadhaa si ghali kwa kulinda ubeti usivunjike.

Fonti isiposomwa kabisa, uchunguzi huwa mwepesi, kwa kuwa kitabu cha aina ya EPUB si kitu kingine ila faili ya zipu. Tengeneza nakala yake, ligeuze jina lake la mwisho kutoka epub kuwa zip, uifungue, na utakuta folda iitwayo META-INF, faili za sura, faili ya mitindo, na folda ya fonti, ikiwa ipo. Mara nyingine haipo, na mashauri yameishia hapo. Ikiwa ipo, fungua faili ya mitindo ulitazame agizo la @font-face, usome njia iliyoandikwa humo neno kwa neno. Windows haitofautishi folda ya Fonts na fonts, ilhali vifaa vingi vya kusomea huziona kuwa folda mbili. Na njia hiyo huhesabiwa kuanzia pale ilipo faili ya mitindo, si pale ulipo mlango wa kitabu. Kisha itazame orodha ya mali zote za kitabu, katika faili ya opf, uone kama fonti imetajwa. Programu ya bure iitwayo EPUBCheck itakuonyesha makosa ya jamii hii bila ya kuchoka. Ikiwa sura ya wima ni sahihi na ile nzito ina kingo zilizovimba, au mlazo unaonekana kama herufi za wima zilizosukumwa upande, basi baadhi ya zile faili nne hazikupachikwa, au hazikuelezwa uzito na mlazo wake katika agizo lile, na kifaa kimejitengenezea za bandia.

Kuna kisa kimoja kinachowashinda hata mafundi, nacho ni cha fonti iliyofichwa. Wenye fonti hawapendi mtu aifungue zipu na kujichotea mali yao, kwa hiyo EPUB inaruhusu baiti 1,040 za mwanzo za faili ya fonti zivurugwe kwa ufunguo unaotokana na kitambulisho cha kitabu. Adobe wana njia yao inayovuruga baiti 1,024. Kifaa hukisoma kitambulisho, hutengeneza ufunguo ule ule, hurudisha baiti mahali pake. Sasa mchapishaji akapata ISBN mpya baada ya kitabu kukamilika, akaifungua faili ya opf na kubadilisha kitambulisho kwa nia njema. Faili ya fonti ipo, njia ni sahihi, orodha haina kasoro, na fonti haifunguki, maana ufunguo umebadilika na kufuli ni lile la zamani. Dawa ni kurudi kwenye fonti asilia isiyofichwa na kuipachika upya kwa kitambulisho kipya.

Suala la idhini nalo limo. Ndani ya fonti mna sehemu inayoeleza kama mwenyewe ameruhusu ipachikwe, na kama ameruhusu ipogolewe, na programu nyingine huitii sehemu hiyo na kukataa kazi pasipo kueleza sababu. Isitoshe, fonti iliyonunuliwa kwa matumizi ya kompyuta aghalabu hudai malipo mengine ikitiwa katika kitabu pepe cha kuuza. Fonti za SIL, kama Gentium, Charis na Andika, ambayo ya mwisho ilichorwa kwa wanaojifunza kusoma na imebeba jina la Kiswahili, hutolewa kwa leseni inayoruhusu kuzipachika hata katika vitabu vya biashara, na Noto ya Google ni hivyo hivyo. Nami sioni kwa nini riwaya ya Kiswahili ya kawaida, isiyo na neno la Kiarabu wala alama ngeni, ipachikwe fonti yoyote. Simu ya msomaji inazo herufi zetu 24 zote, naye amekwisha kuizoea sura yake.

Mwisho, kifaa chenyewe kina kauli yake. Kindle huonyesha fonti ya kitabu pale tu msomaji anapochagua fonti ya mchapishaji katika menyu ya herufi. Programu ya vitabu ya Apple, kwa vitabu vya EPUB ya pili, ilitaka faili ndogo ndani ya META-INF inayotamka kwamba kitabu kimekuja na fonti zake, la sivyo ilizipuuza. Msomaji aliyekutana na visanduku na aanze kwa kuigeuza menyu hiyo, na visipoondoka ampelekee mchapishaji picha ya ukurasa, jina la kifaa na la programu anayosomea, na neno lenyewe lililovunjika likiwa limenakiliwa kutoka kitabuni, maana kutokana na neno hilo mpangaji ataweza kuzisoma nambari zake na kujua ni ipi iliyokosa umbo.